Kasoro ya kiwandani au jeraha la baadaye? Linganisha sarafu yako ya fedha kabla hujatoa hela

Rupia mbili za Kijerumani ziko mezani kwangu, upande wa simba ukiangalia juu. Zote ni za ile kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotoa rupia zake kati ya 1890 na 1902, na zote zina mstari unaoanzia ukingoni, unapita katikati ya herufi na kuteremka hadi karibu na mgongo wa simba. Kwa macho matupu ni mapacha. Aliyeniuzia alizitajia bei moja, tena kwa kujiamini: "Zote hizi makosa ya kiwandani, bosi. Wajerumani wenyewe walikosea. Hupati tena."

Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Rupia moja ilitoka kiwandani na mstari wake. Nyingine ilichanwa na kitu chenye ncha miaka mingi baadaye, labda msumari, labda kisu cha mtu aliyetaka kuhakikisha kwamba ndani ni fedha tupu. Ya kwanza niliilipia zaidi ya thamani ya fedha yake na sijuti. Kwa ya pili nililipia ujinga wangu.

Tangu siku hiyo kila sarafu ya fedha ninayoletewa kwa jina la "kosa" naiuliza swali moja tu: fedha hii ilisogea lini? Sarafu huanza kama kisahani kilichokatwa kwenye bamba. Hupashwa moto kilainike, huinuliwa kingo, kisha hulazwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, ndani ya pete inayokizuia kisitanuke ovyo. Muhuri mmoja hushuka kwa kishindo na kazi imekwisha. Hata meno ya ukingoni mara nyingi hutiwa na ile pete papo hapo. Kasoro ya kweli huzaliwa kwenye kisahani, kwenye muhuri au kwenye kishindo chenyewe. Lolote linalotokea baada ya sarafu kutoka kwenye pete ni jeraha, hata kama ni dakika mbili baadaye, wenzake walipoiangukia ndani ya gunia la kiwanda.

Vifaa si vingi. Kioo cha kukuzia mara 10, mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na tochi ya simu. Tochi usiishike juu ya sarafu. Ilaze mezani, mwanga upite ubavuni kama jua la alasiri, ndipo mabonde na vilima vitajionyesha.

Mstari: ufa wa muhuri au mkwaruzo

Hapa ndipo wengi tunapoliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Muhuri wa chuma ukipigishwa maelfu ya mara huchoka, ukapasuka. Ule ufa ni uwazi, na sarafu inapopigwa fedha hujipenyeza humo. Kwa hiyo ufa wa muhuri huonekana kwenye sarafu kama mstari ULIOINUKA, mwembamba kama uzi uliolazwa juu. Mkwaruzo ni kinyume chake: mtu ameichimba sarafu, na mstari UMEZAMA. Kanuni ni nyepesi, lakini macho hudanganya, maana mwanga ukitoka upande usioutarajia bonde huonekana kilima. Izungushe sarafu nusu duara bila kuisogeza tochi. Kivuli kikibadilika namna usiyoielewa, angalia herufi za jina la mfalme, ambazo unajua kwa hakika kwamba zimeinuka, kisha ulinganishe: kivuli cha mstari kikiangukia upande uleule wa kivuli cha herufi, mstari nao umeinuka.

Sasa rudi kwenye rupia zangu mbili. Kwenye ile ya kwanza, uzi unapanda juu ya herufi, unashuka upande wa pili, unaendelea kwenye sehemu bapa bila kukatika. Unene wake unapungua taratibu kadiri unavyoacha ukingo, na rangi ya uzee imeufunika sawasawa na jirani zake. Kwenye ile ya pili mstari umekata mgongo wa herufi kwa ukali, lakini mara tu baada ya herufi kuna kipande kidogo cha sehemu bapa ambacho hakikuguswa. Ncha ile iliruka, kama gurudumu linavyoruka likitoka kwenye tuta. Halafu ukitazama pembeni mwa mfereji, pande zote mbili kuna vijituta vidogo vya fedha iliyosukumwa. Hicho ndicho kilinifumbua macho. Fedha ikichimbwa haipotei, inakwenda pembeni, kama udongo wa mtu anayelima matuta.

Jambo jingine: ufa wa muhuri una ndugu. Muhuri uliopasuka uliendelea kupiga sarafu nyingine, hivyo rupia nyingine za mwaka uleule zinaweza kuwa na ufa huohuo, mahali palepale, mfupi kidogo au mrefu kidogo. Mkwaruzo ni mtoto wa pekee. Ukiona picha ya sarafu nyingine yenye mstari uleule, umepata ushahidi unaozidi maneno ya muuzaji yeyote.

Kuna mistari midogo inayochanganya hata wazoefu: vinywele vingi sambamba. Fundi wa kiwanda alipousugua muhuri ili kuusafisha, alichubua sehemu bapa peke yake, kwa sababu herufi kwenye muhuri zimezama na jiwe lake halikuzifikia. Kwa hiyo kwenye sarafu vinywele hivyo vimeinuka na vinakomea mguuni mwa herufi. Linganisha na sarafu iliyosuguliwa jikoni kwa jivu au mchanga: vinywele vimezama, na vinapita juu ya kila kitu, mashavu ya mfalme hayasalimiki. Ndugu zangu, jivu ni la masufuria. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani hata kama ilikuwa na kasoro halisi.

Muhuri usipopasuka tu bali ukameguka kipande ukingoni, sarafu hutokea na nundu laini isiyo na herufi wala mapambo. Nundu kama hiyo huuzwa ghali, kwa hiyo uigeuze sarafu: fedha iliyokimbilia shimo la muhuri ilitoka upande wa pili, na mahali palepale upande huo mchoro huwa umefifia. Nundu ya lehemu ya sonara haifanyi hivyo. Upande wa pili uko salama, na mara nyingi chini ya lehemu unaona herufi zikichungulia.

Ukingo uliopungua: kisahani kilichokatwa vibaya au tupa

Mashine inayokata visahani ikisogea vibaya hukata pale ilipokwisha kukata, na kisahani hutoka na pengo la mviringo kama tambuu iliyong'atwa. Pengo hilo lilikuwepo kabla ya kishindo, kwa hiyo herufi zilizo jirani nalo hulielekea: zinavutika, zinanyooka, zinafifia kadiri zinavyolikaribia, kwa sababu fedha ilikuwa na nafasi ya kutanukia. Tupa au msumeno ukipita baadaye hukata herufi iliyokwisha kukamilika, na inabaki nusu herufi yenye sura nzima, kama ukuta wa nyumba uliovunjwa na katapila.

Kisha angalia ng'ambo ya pengo, upande unaolikabili moja kwa moja. Kisahani chenye pengo kilipopitishwa kwenye mashine ya kuinua kingo, kila pengo lilipofika kwenye ubano hapakuwa na msukumo, na upande wa ng'ambo nao haukubanwa. Matokeo yake ukingo wa ng'ambo hutoka dhaifu, meno yamefifia. Watoza sarafu wa Marekani huiita athari ya Blakesley. Haionekani kila mara, hivyo isipokuwepo usiihukumu sarafu papo hapo, lakini ikiwepo pamoja na herufi zilizovutika, toa hela.

Mizani hapa haikusaidii. Rupia kamili ni gramu 11.66, yenye pengo la kiwandani itapungua, na yenye pengo la tupa itapungua vilevile. Muuzaji anayekuwekea mizani mbele ya macho na kusema "unaona, imepungua, ni kosa" anakuonyesha kitu kisichothibitisha lolote.

Kwa reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya malkia wa Austria, kazi ni rahisi zaidi. Ukingo wake hauna meno bali una maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Uzungushe ukingo wote chini ya kioo. Penye tupa, herufi zimelala bapa na kuna mikwaruzo sambamba inayong'aa kuliko sehemu nyingine. Na reale nyingi zilizopita pwani yetu na Arabuni zilivaliwa shingoni, kwa hiyo juu ya kichwa cha malkia, pale pa saa sita, tafuta madoa mawili ya kijivu. Hapo palikuwa na kikonyo cha mkufu, na mtu amekiondoa.

Herufi zilizofifia: grisi, kuchakaa au tindikali

Grisi na uchafu vikijaza herufi za muhuri, fedha haiingii humo, na sarafu hutoka na herufi hafifu au bila herufi kabisa. Ni kasoro halisi, ingawa kwa maoni yangu inasifiwa kupita kiasi. Itofautishe na kuchakaa kwa kuangalia jirani. Mchakao huanzia kwenye vilima: shavu, ndevu, kofia ya chuma ya Kaiser, yaani mfalme wa Wajerumani aliye upande wa pili wa rupia, na ndege aliye juu yake. Kama kofia ni kali na inahesabika mistari yake, huku herufi tatu za pembeni zimefifia kama ukungu, hapo ni grisi. Kama kofia imelainika na herufi nazo zimelainika, hiyo ni safari ya mifuko ya watu wengi.

Tindikali ni habari nyingine, na hapa ndipo mizani inapokula kiapo. Sarafu iliyolowekwa huyeyuka pande zote kwa pamoja: inakuwa nyembamba, meno ya ukingoni yanakuwa mafupi, herufi zinakonda zikawa kama njiti, ngozi inakuwa na vijishimo. Rupia iliyofifia kwa grisi itasoma karibu na gramu 11.66, pungufu kidogo kwa mchakao. Ukisoma 9 na ushei huku ukingo ni mzima na hakuna pengo, mtu ameiloweka.

Sura iliyogeuka na kuzama

Mara chache sarafu iliyokwisha kupigwa hugoma kutoka, ikanasa kwenye muhuri. Kisahani kinachofuata hupigwa dhidi ya sarafu ile badala ya muhuri, na kinatoka na upande mmoja wa kawaida na upande wa pili wenye sura ileile ikiwa imezama na kugeuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo. Ni kasoro inayopendwa sana, kwa hiyo inaghushiwa sana: weka sarafu mbili kwenye jiliwa, au zipige nyundo, na moja itaacha alama yake kwenye nyingine.

Tofauti iko kwenye swali la nini kilikuwepo mwanzo. Kwenye kasoro halisi, upande wenye sura iliyozama haujawahi kuwa na mchoro mwingine. Hakuna simba chini ya Kaiser aliyegeuka. Kwenye ya jiliwa, mchoro wa asili bado upo, umebondeka, na juu yake pamekanyagwa herufi mbili tatu zilizozama, kwa kawaida zile tu zilizokuwa ndefu kuliko nyingine. Geuza upande wa pili utakuta nao umelala bapa, maana jiliwa hubana kotekote. Nikionyeshwa ya namna hii huwa sisemi neno. Nairudisha tu.

Ile ya "vichwa viwili" usiitolee hata nauli. Fundi huchimba sarafu moja kama kikombe, akasaga nyingine iingie ndani yake. Igonge kidogo ukucha usikilize: haina mlio, inasema "tok". Kisha tafuta mshono wa duara ndani kidogo ya ukingo.

Umanjano wa shilingi ya zamani

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, kuanzia 1921 hadi 1946, ilikuwa na fedha robo moja tu, sehemu 250 kwa 1,000. Ngozi yake ilitoka nyeupe, lakini chini yake shaba ni nyingi, kwa hiyo mgongo wa simba ukichakaa hugeuka manjano au hudhurungi. Kila mara nakutana na mtu anayeniambia ana shilingi "iliyopigwa kwenye madini yasiyo yake". Ipime. Ikisoma karibu na gramu 7.8, na umanjano uko kwenye vilima peke yake huku mabondeni ni peupe, ni mchakao.

Mchanganyiko mbaya wa madini unaweza pia kuacha ngozi ya sarafu ikibanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Hiyo ni kasoro halisi ya kisahani. Chini ya ngozi iliyobanduka utaona nyuzi zilizoelekea upande mmoja, upande ambao bamba lilivutwa, na mara nyingi kivuli cha mchoro bado kimo. Patasi huacha shimo lenye kuta na vijituta.

Alama ndogo na matundu

Tundu kamwe si kosa la kiwandani kwenye sarafu hizi. Ni la mkufu. Vialama vidogo vilivyogongwa, nyota, duara au herufi moja, hivyo ni vya wabadilisha fedha, walioipima rupia na kuweka muhuri wao kwamba ni nzuri. Neno letu sarafu lenyewe lina shina moja na jina la Kiarabu la mtu huyo, sarrafu. Kwa sheria ya watoza wengi alama hiyo ni jeraha na hushusha bei. Mimi hapo ninaachana nao. Rupia ya Victoria iliyogongwa alama tatu za wabadilisha fedha inanieleza zaidi kuliko rupia iliyopigwa kwenye muhuri mchafu, na kwa kuwa wengine hawaitaki, naipata kwa bei nafuu.

Zisizo kasoro wala jeraha

Mwaka 1780 kwenye reale si kosa, hata kama reale yenyewe imepigwa karne ya 20. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, na biashara ya Bahari ya Shamu ilikataa kuipokea yenye tarehe nyingine, hivyo Vienna, London, Roma, Bombay na miji mingine iliendelea kuipiga vilevile. Lulu za bruchi na manyoya ya mkia wa tai hutofautiana kwa sababu mihuri ilikuwa tofauti. Rupia ya India ya 1911, ambayo tembo kwenye joho la mfalme alionekana kama nguruwe na watu wakaikasirikia, nayo ni mchoro mbovu, si kosa la kupiga. Na ingawa si fedha, niwatajie sarafu za heller 20 za Tabora za 1916, zilizopigwa katika karakana ya reli wakati wa vita: mihuri iliyopasuka, herufi zisizolingana, visahani vya unene wowote. Kwa kiwanda cha Berlin hizo zingekuwa kasoro. Kwa Tabora ilikuwa ni kazi ya kila siku, na hailipiwi nyongeza.

Nikikushauri ununue ipi

Ukiwa na hela ya sarafu moja tu ya kasoro, chukua yenye ufa mkubwa wa muhuri au nundu iliyothibitishwa upande wa pili. Ni ngumu kughushi na ni rahisi kumweleza mnunuzi wa baadaye. Pengo la ukingoni lije la pili, kwa sharti la herufi zilizovutika. Sura iliyogeuka ni nzuri kuliko zote ila usiinunue jioni, usiinunue sokoni, na usiinunue peke yako. Herufi hafifu za grisi zichukue kama muuzaji hajajua anachouza. Muhuri uliozunguka, yaani upande mmoja umeinama ukilinganisha na mwingine, ni wa kuaminika kwa sababu hakuna nyundo wala tindikali inayoweza kuutengeneza. Ila kwanza shika sarafu nyingine ya aina hiyohiyo ujue mkao wake wa kawaida. Na majeraha yote yalipie kwa uzito wa fedha, isipokuwa yale yenye kisa unachokipenda mwenyewe.

Rupia yangu yenye mkwaruzo sijaiuza. Naitembeza mfukoni pamoja na mwenzake, na muuzaji akinionyesha mstari nazilaza zote tatu chini ya tochi. Wiki iliyopita yule yule aliyeniuzia rupia mbili alinipigia simu: ana reale "yenye kosa la kichwani". Nikaenda. Pale pa saa sita kulikuwa na madoa mawili ya kijivu. Nikamwonyesha kwa kioo, akayatazama kwa muda, akanitazama mimi.

"Basi tupime," akasema, akavuta mizani.